Mgongo wa fundi cherehani na siku ya yoga

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 56. Presha ninayo mwaka wa nne, vidonge nakunywa. Kiuno kinaniuma mwaka wa pili sasa. Asubuhi naamka mgumu kama ubao, nikishakaa kwenye mashine saa mbili siwezi kunyooka, na katika swala kuinuka kutoka sijda ndiyo shida. Nilipiga picha nikaambiwa ni uzee wa pingili. Mwanangu yuko Muscat, amenitumia video ya maelfu ya watu wamejipanga uwanjani tarehe 21 Juni wanafanya yoga, akasema, "Mama anza hii, inatibu mgongo na presha inashusha." Jirani yangu akaiona, akasema hiyo ni ibada ya Wahindu, nisiiguse. Nauliza: inatibu kweli? Ni ibada? Na mtu kama mimi, sina klabu wala nafasi, naanzia wapi?

JIBU: Shikamoo mama. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ila jina hilo wagonjwa wamenipachika miaka mingi nami nimechoka kulikataa.

Nikupe jibu fupi kwanza, maana najua una nguo za watu zinasubiri. Ndiyo, yoga inaweza kukupunguzia hayo maumivu. Kuyapunguza, si kuyafuta. Presha haitaiponya. Asili yake ni ya kidini, sitakuficha. Na kuanza unaweza kuanza leo usiku chumbani kwako, mradi kwanza unijibu maswali machache.

Je, maumivu yalianza baada ya kuanguka? Unapungua mwili bila kujinyima, unapata homa za jioni, unaloa jasho usiku? Swali hilo siliruki kamwe, kwa sababu kifua kikuu hakikai kifuani tu. Huingia hata kwenye pingili za mgongo, na nimepokea wagonjwa waliokandwa mafuta miezi sita kumbe mfupa unaliwa. Umewahi kutibiwa saratani? Maumivu yanakuamsha usiku hata ukiwa umelala umetulia? Mguu mmoja umepungua nguvu, ndara inakuvuka hujui? Na hili wengi huona haya kulisema: sehemu za siri na mahali pa kukalia pamekufa ganzi, au mkojo na choo vimeanza kukuponyoka au kugoma? Likiwepo hilo la mwisho, au mguu unazidi kuishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hayo mengine, muone daktari kabla ya zoezi lolote.

Ikiwa kote ni hapana, basi una maumivu ya kiuno ya kawaida, yale ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria yaliwakumba watu milioni 619 mwaka 2020. Na neno "uzee wa pingili" lisikuondolee usingizi. Wapige picha wanawake wa rika lako wasioumwa popote, wengi watatoka na picha kama yako. Mimi picha yako inanipa habari ndogo. Inayonipa habari kubwa ni sentensi yako ya saa mbili kwenye mashine.

Sasa hiyo video. Siku ya Kimataifa ya Yoga bado ni changa. Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliipendekeza mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Septemba 2014, na tarehe 11 Desemba mwaka huo huo azimio likapitishwa, likiwa limeungwa mkono na nchi 177. Juni 2015 watu 35,985 walijipanga kwenye barabara ya Rajpath mjini New Delhi, Modi mwenyewe akiwa mmoja wao, na Guinness wakaliandika kuwa darasa kubwa kuliko yote ya yoga. Tangu hapo miji ya India imekuwa ikishindana kuivunja rekodi hiyo. Tarehe 21 Juni ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo siku yenye mchana mrefu kuliko zote upande wa kaskazini wa dunia. Kwetu Tanga, kusini ya ikweta, ni kinyume chake, ingawa tofauti ni ndogo hata kuku haioni. Balozi za India huandaa mazoezi ya pamoja siku hizo, za Dar es Salaam na Nairobi zikiwemo, na mtu yeyote hukaribishwa.

Siku yenyewe siipingi. Imewatoa watu vitini, si kazi ndogo. Nina neno nayo moja tu. Mwaka fulani nilikwenda kwenye mkusanyiko wa namna hiyo, kiwanja kimejaa, mwalimu yuko jukwaani na kipaza sauti. Akaamuru wote tuiname tuguse vidole vya miguu, magoti yakiwa yamenyooka. Mbele yangu kulikuwa na mzee, nadhani alizidi miaka 70, akajivuta kwa nguvu zote kwa sababu kijana wa kando yake alikuwa amefika. Mwalimu hakumuona, na angemuonaje? Wiki ile nilipokea wawili waliotoka kiwanjani pale wameshika viuno. Kwa hiyo mama, ukitaka kwenda kwa furaha ya watu, nenda. Usiende kutibiwa. Uwanja wa watu elfu hauna anayeujua mgongo wako.

Kutibu, basi. Mwaka 2017 watafiti wa Boston, Marekani, wakiongozwa na Robert Saper, walichapisha matokeo ya watu 320 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, wengi wao wa kipato cha chini. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata darasa la yoga la dakika 75 mara moja kwa wiki kwa wiki 12, pamoja na mazoezi ya kujifanyia nyumbani. Jingine lilipelekwa kwa wataalamu wa fiziotherapia, mtu mmoja mmoja, hadi mara 15. La tatu likapewa kitabu cha kusoma. Baada ya wiki 12, waliofanya yoga hawakuwa nyuma ya waliokwenda kwa wataalamu, na makundi yote mawili yalitumia dawa za maumivu kwa uchache kuliko la kitabu. Niliposoma matokeo yale nilinyamaza kidogo, maana hao waliofikiwa ni watu wa kazi yangu.

Lakini kuna utafiti mwingine nadhani una manufaa zaidi kwako. Huu ni wa 2011, wa Karen Sherman na wenzake wa Seattle, watu 228. Hapo yoga ilishindanishwa na madarasa ya kunyoosha viungo ya kawaida, yasiyo na jina la Kihindi wala harufu ya udi. Zikatoka sare. Zote mbili zilikishinda kitabu walichopewa kundi la tatu, na hakuna iliyoizidi nyingine. Na mwaka 2022 wachambuzi wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti na kuzipekua moja moja, walipitia majaribio 21 yenye watu 2,223 wakaona hivyo hivyo: yoga kwa kiuno inaleta nafuu ndogo ukilinganisha na kutofanya zoezi lolote, na huenda haitofautiani sana na mazoezi mengine ya mgongo.

Unaona hapo? Kama kunyoosha tu kunafika palepale, basi anayetibu ni kule kusogea, taratibu, mara nyingi, kwa majuma mengi. Yoga ni njia moja nzuri ya kumfanya mtu asogee. Mwanao amekosea kukupa jina la dawa bila kipimo chake.

Nikueleze kinachotokea kiunoni mwako. Unapokaa kwenye cherehani umeinamia mshono, misuli ya mbele ya nyonga inabaki imejikunja muda wote, na ile ya mgongo inabaki imevutwa ikishikilia kiwiliwili kisianguke mbele. Misuli inayoshikilia bila kusogea huchoka vibaya kuliko inayofanya kazi na kupumzika. Kati ya pingili kuna visahani laini vyenye maji, na visahani hivyo kwa mtu mzima karibu havina mishipa ya damu. Chakula chake kinapenya kutoka pembeni, na kusogea kwako kunasaidia kukisukuma. Halafu kuna hofu. Mwaka wa pili sasa unaumwa, bila shaka umeshajifunza kuinuka kama unabeba mayai. Unajikaza kabla hata hujaumia, mkazo wenyewe unauma, kesho unajikaza zaidi. Ubongo nao ukishaambiwa miezi mingi kwamba kiuno ni mahali pa hatari, unapiga kengele hata kwa jambo dogo. Hapa ndipo yoga ina kitu ambacho madarasa mengi ya mazoezi yanakikosa: inakudai upumue polepole wakati unasogea. Mtu hawezi kupumua kwa utulivu na huku amekakamaa. Kimoja kitamwachia mwenzake.

Na pumzi hiyo hiyo ndiyo inayogusa presha. Ukitoa pumzi polepole moyo hupunguza mwendo, unaweza kuusikia kwa kushika mshipa wa mkononi. Watu wenye presha waliofanya yoga kwa majuma kadhaa katika majaribio mbalimbali wameshuka, lakini kushuka kwa kiasi. Chumvi, uzito, kutembea na vidonge vyako bado ndivyo vinavyobeba mzigo. Kwa hiyo kidonge hata kimoja usiache. Nimeona watu wakipima baada ya mazoezi, wakikuta namba nzuri, wakaweka dawa kabatini. Namba ile ni nzuri kwa sababu dawa imo mwilini.

Ile mikao ya kichwa chini miguu juu, kusimama kwa kichwa au kwa mabega, iache kabisa, kwako si ya kujaribia hata kwa mzaha. Inapandisha msukumo kichwani na machoni, na mwenye presha ya macho anaweza kuharibikiwa. Acha pia kupumua kwa kasi kama mivuo ya mhunzi, na usibane pumzi unapojitahidi.

Utasikia pia kwamba yoga inatibu kisukari, saratani, tezi na kila kitu. Anayekuuzia hayo muage kwa heshima.

Nije kwa jirani yako. Hajatunga. Yoga imezaliwa India, ndani ya dini za huko, na lengo lake la kale halikuwa kiuno. Katika maandishi ya Patanjali, mwandishi wa kale wa India, yenye umri wa zaidi ya miaka 1,500, yoga ina viungo vinane: maadili, nidhamu ya nafsi, mkao, pumzi, kuondoa hisia kwenye vitu vya nje, kukusanya mawazo, kutafakari, na mwishowe kuzama kabisa. Mkao ni kimoja tu kati ya vinane, na katika mafungu yake karibu 196, yanayozungumzia mkao ni matatu. Analotaka hapo ni kwamba mkao uwe thabiti na wa raha. Sidhani kama angezitambua picha tunazotumiwa kwenye simu.

Mikao mingi tunayoiona leo ilipangwa na kuenezwa katika karne ya 20. Miaka ya 1930, katika jumba la mfalme wa Mysore, mwalimu Krishnamacharya alikuwa akiwafundisha vijana, na wanahistoria kadhaa wanaona katika mafunzo yale mchanganyiko wa yoga ya kale, mazoezi ya wanamieleka wa India na mazoezi ya viungo yaliyotoka Ulaya. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa B.K.S. Iyengar, aliyekuwa mtoto wa magonjwa: malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu, vyote vilimpitia. Labda ndiyo sababu baadaye alifundisha kwa vipande vya mbao, mikanda na blanketi zilizokunjwa, ili hata mwili usioweza uufikie mkao. Alifariki Agosti 2014, mwezi mmoja tu kabla ya pendekezo la Modi. Mimi huyo ndiye ninayemheshimu kuliko wote katika habari hizi, na kanga utakayoikunja usiku wa leo imetoka kwake.

Kwa upande wa dini, wanazuoni wenyewe hawakusema kauli moja. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliwakataza Waislamu. Mwaka uliofuata Baraza la Maulamaa la Indonesia likatenganisha: yenye mantra, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, na ibada ni haramu, ya viungo tu inaruhusiwa. Saudi Arabia mwaka 2017 ikaitambua kuwa shughuli ya michezo. Hata huko India, katika sherehe ya kwanza ya 2015, mfululizo wa kusalimu jua uliachwa nje ya ratiba baada ya baadhi ya Waislamu kulalamika. Kwa hiyo mpelekee suala hili sheikh unayemwamini, lakini mpelekee likiwa limeelezwa vizuri. Usimuulize "yoga inafaa?" Muulize: "Mtaalamu amenipa mazoezi manne ya kiuno, hayana maneno, hayana kuelekea jua, hayana kuunganisha viganja, niyafanye?" Msuli wa kiuno haujui jina la zoezi. Ukiyaita mazoezi ya mgongo, nami nitayaita hivyo hivyo.

Tufike mkekani. Mkeka wa ukindu ni mzuri ila kwenye sakafu ya saruji unateleza. Weka chini yake zulia au blanketi kuukuu. Kanga mbili uzikunje kwa ajili ya magoti. Tumbo lisiwe limejaa, na usifanye asubuhi mara tu ukiamka, kiuno bado kigumu. Subiri angalau muda wa saa moja, au fanya jioni baada ya kuoga.

Anza chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini, mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi kwa pua mpaka mkono uinuke, itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta. Dakika tatu. Wengi huiona hii si mazoezi wakairuka. Usiiruke.

Geuka uje kwa magoti na viganja, kanga chini ya magoti. Ukitoa pumzi pandisha mgongo kama paka aliyeona mbwa. Ukivuta ushushe taratibu tumbo lielekee chini. Mara nane. Usitafute mwisho wa mgongo, kaa katikati panapokwenda bila kugomba.

Kutoka hapo rudisha makalio kuelekea visigino, mikono ibaki mbele. Mkao huu unaufahamu, unakaribia sijda yako. Na kwa kuwa umesema shida ni kuinuka si kwenda chini, hapa ndipo pa kujifunzia. Usijivute juu kwa kiuno. Sukuma sakafu kwa viganja, kaza tumbo kidogo, toa pumzi, uinuke. Magoti yakikataa weka kanga iliyokunjwa kati ya mapaja na ndama za miguu. Pumzi tano chini, uinuke, mara tatu.

La nne, rudi chali. Kaza makalio, inua nyonga mpaka mwili uwe mteremko kutoka magotini hadi mabegani, kaa pumzi mbili, shusha. Mara sita, ukifika wiki ya nne ziwe kumi. Hili ndilo la nguvu, na ndilo nitakaloulizia. Mwanamke wa miaka 56 hahitaji kulegea zaidi, anahitaji makalio yenye nguvu ya kumbeba.

Umalizie umelala dakika tano, ndama za miguu ziko juu ya kiti. Ukiinuka geukia ubavu kwanza, keti kidogo, ndipo usimame. Dawa za presha humfanya mtu aone kizunguzungu akiinuka ghafla.

Kuinama mbele kwa nguvu ukiwa umeketi miguu imenyooka, mkao unaopendwa sana kwenye video, kwako hapana. Baada ya hedhi kukoma mifupa ya wanawake wengi hupungua uimara, na kuukunja uti mbele kwa mkazo ni njia mojawapo ya kupondeka pingili.

Yote ni kama dakika 20. Fanya siku tano kwa wiki, kwa wiki 12. Wiki mbili za mwanzo huenda ukaona uchovu wa misuli, huo ni wa kawaida na huisha kwa siku moja au mbili. Maumivu makali yanayoshuka chini ya goti, au ganzi, simama na umuone mtaalamu. Na mazoezi haya hayahesabiki kuwa mwendo wa kutosha kwa moyo. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na yoga ya polepole kama hii haifiki hapo. Kutembea kwa haraka kwenda dukani kwako na kurudi kutafika.

Kuhusu cherehani, kila ukimaliza upande mmoja wa mshono mrefu, simama. Sihitaji zoezi, simama tu, weka mikono kiunoni, sogea mpaka mlangoni uangalie barabara, rudi. Inua kiti kwa mto ili nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Mteja atasubiri dakika moja.

Mwanao mwambie ahsante kwa video. Wewe ukifika wiki ya 12 niandikie mambo mawili: unakaa kwenye mashine muda gani kabla ya kiuno kulalamika, na kuinuka kutoka sijda kukoje. Yasipobadilika, tutabadilisha mazoezi.